TWENDE KWA MIGUU
Maongezi kwa vikundi vya kisomo, Nzega



Maongezi haya tuliyatoa kwanza chini ya mwembe, mbele ya darasa letu la kisomo, katika kijiji kimoja cha wilaya yetu ya Nzega. Wenzetu waliokuwapo wakasema, "Haya yaandikwe gazetini, na wengine wayasome." Basi tumeyaandika. Yasome polepole. Ukikuta neno gumu, muulize mwenzio, mlitafute pamoja.

Tunataka kuzungumza juu ya kutembea. Tunajua wengine mtacheka. Mtasema, "Mwalimu, kutembea nako kunafundishwa? Sisi tumetembea tangu tuko wadogo." Ni kweli. Hata siku ile darasani watu walicheka. Lakini ngojeni kwanza tuwaambie lililotupata.

LILILOTUPATA

Sisi maafisa wa elimu ya watu wazima kazi yetu ni kuzunguka vijijini. Zamani waliotutangulia walizunguka kwa baiskeli na kwa miguu. Sisi tuna pikipiki. Kwenda ofisini, pikipiki. Kwenda darasani, pikipiki. Hata dukani kununua chumvi, hatua mia mbili tu, pikipiki. Tukifika ofisini tunakaa kitini mpaka jioni.

Siku moja wahudumu wa afya walikuja darasani kutupima shinikizo la damu. Wengi tunaliita presha. Wanakisomo wakasema, "Aanze mwalimu!" Haya, tukaanza sisi. Kipimo kikasoma 150 juu na 100 chini. Mhudumu akatuambia tupumzike kidogo, akapima tena. Kikasoma vile vile. Tukaenda zahanati siku nyingine mbili, hali ikawa ile ile. Ndipo tukaambiwa: hii ni presha, muanze matibabu. Na umri wetu haujafika hata miaka 40.

Aliyetufuata kupimwa siku ile alikuwa bibi mmoja, mkubwa kuliko mama zetu. Bibi huyu amejifunza kusoma uzeeni. Huja darasani kwa miguu na kurudi kwa miguu. Kipimo chake kilikuwa 120 juu na 80 chini. Bibi akatutazama, akasema:

"Mwalimu, mwaka jana ulitusomesha somo la mazoezi. Ulipomaliza ukapanda pikipiki ukaenda zako."

Darasa zima likacheka. Sisi hatukucheka. Tuliona aibu, kwa sababu alisema kweli.

Msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba kila anayetembea hana presha. Wapo wanaotembea sana na presha wanayo. Presha haina kelele. Mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kuumwa popote, halafu siku moja akaanguka na kupooza upande mmoja. Kwa hiyo kila mtu mzima apimwe. Lakini mtu asiyetembea kabisa anauita ugonjwa nyumbani kwake.

MWILI HUFAIDIKA NINI?

Moyo ni kama pampu ya kisima. Kazi yake ni kusukuma damu mwilini. Moyo nao ni msuli, kama misuli ya mkono na mguu. Mkono wa mtu anayelima una nguvu. Mkono wa asiyelima ni laini. Moyo ni hivyo hivyo. Ukiuzoeza kazi, unapata nguvu, unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, wala hauchoki upesi.

Jambo la pili ni sukari. Ugali, wali na viazi tunavyokula hugeuka sukari ndani ya damu. Miguu inapotembea, misuli yake huichukua sukari hiyo na kuitumia kama tela linavyotumia ng'ombe wa kulivuta. Usipotembea, sukari nyingi hubaki katika damu. Ikizidi kwa muda mrefu ndiyo kisukari. Kisukari huharibu macho, figo na miguu.

Je, haya yamejulikanaje? Uko mfano mmoja tunaoupenda. Huko London, Uingereza, kuna mabasi ya ghorofa. Dereva hukaa kitini siku nzima. Zamani makondakta walipanda na kushuka ngazi siku nzima wakikata tiketi. Daktari Jerry Morris na wenzake waliwachunguza watu hao, na mwaka 1953 wakatangaza waliyoyaona. Madereva waliugua ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta. Basi ni lile lile moja. Mji ni ule ule. Tofauti kubwa ilikuwa kukaa na kutembea.

Sasa tujiangalie hapa kwetu. Kijana wa bodaboda anayekaa juu ya pikipiki tangu alfajiri mpaka usiku, yeye ni dereva au ni kondakta? Mwenye duka je? Na sisi maofisa?

Wengine husema presha na kisukari ni magonjwa ya matajiri wa mjini. Sivyo. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kuwa karibu mtu 1 kati ya 4 alikuwa na presha. Karibu watu 9 kati ya 100 walikuwa na kisukari. Hebu hesabu watu wa darasa lako. Mkiwa 40, ni wangapi?

WAZEE WETU WALIKUWA WATU WA NJIA

Ndugu zetu, Unyamwezi si nchi ya watu wa kukaa. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo ikaja Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji. Kutoka Tabora njia nyingine ilipanda kaskazini mpaka ziwa kubwa, ikipita katika nchi yetu hii. Mzungu Speke aliondoka Tabora mwezi Julai 1858, akafika ziwani mwanzoni mwa Agosti. Mwezi haukutimia.

Wapagazi wengi wa misafara ile walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora msafara uliweza kutumia miezi mitatu. Kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa bado kuwa mwanamume kamili.

Walikwendaje? Waliondoka alfajiri, wakati wa ubaridi. Mbele alikuwapo kirangozi. Jua lilipoanza kuwa kali, walipiga kambi. Waliimba njiani. Hakuna aliyekwenda peke yake. Pole pole ndio mwendo, ndivyo walivyofika.

Lakini tusiisifu safari ile kupita kiasi. Mizigo ilikuwa pembe za ndovu, na katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa wamefungwa. Wengi walikufa njiani kwa njaa na ndui. Tunachokichukua kwa wazee ni mwendo wao. Mzigo wao hatuutaki.

Na hata baada ya uhuru tuliona mfano. Mwezi Oktoba 1967, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Alikuwa na miaka 45, na alikuwa Rais. Gari alikuwa nalo.

KUTEMBEA SI KUBEBA

Hapa ndipo darasa letu lilipochemka. Mama mmoja alisimama akasema: "Mwalimu, mimi naamka saa kumi na moja. Naenda kisimani mara tatu na ndoo kichwani. Nakwenda porini kutafuta kuni. Nakwenda shambani. Leo unaniambia nitembee zaidi?"

Tukamjibu: "Hapana, mama. Wewe umekwisha tembea. Wewe unahitaji kupumzika."

Ndugu zetu wanaume, tuseme kweli. Katika nyumba nyingi yuko mmoja anayetembea kupita kiasi, tena na mzigo, na yuko mwingine anayekaa kupita kiasi. Wakati wa masika, tangu Novemba hadi Aprili, sote tunalima. Anayelima majaruba ya mpunga hana haja ya mazoezi mengine. Lakini kiangazi je? Mavuno yakiisha, baba anakaa kwenye bao chini ya mti tangu asubuhi mpaka jua linazama. Mama haoni kiangazi. Kwake kila siku ni masika.

Tukatoa shauri: wanaume, matembezi yenu ya kila siku yawe kwenda kisimani. Mwende kwa miguu, mrudi na maji, kwa kichwa, kwa mkokoteni au kwa kuikokota baiskeli.

Mzee mmoja akapinga. "Watu watasema mke wangu ameniweka chini." Pakawa kimya. Halafu yule bibi akasema taratibu: "Mume wangu alipooza miaka sita. Nilimbeba mimi. Watu hawakusema kitu."

Baada ya hapo hakuna aliyepinga tena.

TUANZEJE?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima ajishughulishe kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Tufanye hesabu: dakika 30 mara siku 5 ni dakika 150. Basi nusu saa tu, siku tano. Ukishindwa nusu saa kwa mara moja, gawa: dakika 10 asubuhi, 10 mchana, 10 jioni.

Mwezi Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, alipokuwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Hilo ni jema. Lakini mwili hauli mara moja kwa mwezi, na miguu vile vile. Fanya hivi:

1. Anza kidogo. Wiki ya kwanza tembea dakika 10. Kila wiki ongeza dakika 5.

2. Tembea kwa mwendo wa mtu anayewahi mnada. Kipimo ni hiki: unaweza kuzungumza na mwenzio, lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuzungumza, punguza.

3. Nenda asubuhi au jioni, kama misafara ilivyofanya. Pawe na mwanga wa kuona nyoka. Kunywa maji kabla ya kuondoka.

4. Vaa kiatu. Katambuga zinatosha. Mwenye kisukari asitembee pekupeku hata kidogo, na kila jioni aangalie nyayo zake. Kidonda kidogo kwake ni hatari.

5. Barabarani tembea upande wa kulia, uyaone magari yanayokuja mbele yako. Barabara zetu za Nzega zina malori mengi ya safari za mbali. Njia ya shambani ni salama zaidi.

6. Nendeni wawili au zaidi. Mtu akiwa peke yake, siku ya tatu anaacha.

7. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi ikikata, simama. Keti. Nenda zahanati siku hiyo hiyo.

8. Ukiwa unatumia dawa za presha au kisukari, usiziache kwa sababu umeanza kutembea. Miguu haifuti dawa. Anayetumia dawa za kisukari achukue kitu kitamu mfukoni. Akianza kutetemeka na kutoka jasho la ghafla, ale mara moja.

Na jambo moja zaidi. Usitembee nusu saa halafu ukapitia kilabuni ukakaa saa nne. Punguza na chumvi. Tumbaku acha kabisa.

TULIPOFIKIA

Sisi tuliotoa somo hili tumeanza. Pikipiki tunaiacha mwanzo wa kijiji, kama kilomita moja na nusu kutoka darasani. Tunatembea kwenda, tunatembea kurudi. Jumla ni kilomita 3. Wiki ya kwanza magoti yaliuma. Watoto walitufuata wakiuliza, "Mwalimu, pikipiki imeharibika?" Siku hizi hawaulizi tena.

Wanakisomo nao wameunda msafara wao. Jioni wanaume saba huenda kisimani na ndoo. Si wote waliokubali, na wengine wawili walianza wakaacha. Lakini saba ni saba. Bibi yetu ndiye kirangozi. Hutangulia na fimbo yake, bila mzigo.

Juzi tulipimwa tena. Kipimo kilisoma 134 juu na 86 chini. Si miguu peke yake. Dawa tunameza na chumvi tumepunguza. Tulimwonyesha bibi karatasi. Akaisoma mwenyewe, tarakimu moja moja, kwa sauti. Kisha akasema, "Haya. Kesho usichelewe."

Ndugu, wahenga walisema: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Simama. Twende.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika nyumba yako, nani anatembea zaidi kwa siku? Nani anakaa zaidi?

2. Mwanakisomo anatembea dakika 25 kila siku kwa siku 6. Je, ametimiza dakika 150?

3. Kijiji chenu kinaweza kuanza msafara upi, na kirangozi awe nani?