Sufuria Moja na Viungo vya Uluguru

(Hotuba iliyotolewa Morogoro mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa kusema machache juu ya maisha ya ughaibuni. Kwa kuwa harufu ya pilau imekwisha tufikia, nitasema juu ya chakula.

Huko Houston, Marekani, nilikofanya kazi, iko migahawa isiyo na makuu. Meza hutandikwa karatasi. Kamba wa maji baridi, mfano wa kambakoche wadogo, huchemshwa kwa pilipili katika sufuria moja pamoja na mahindi na viazi, kisha humwagwa mezani. Watu hula kwa mikono, meneja na dereva bega kwa bega.

Upishi huo ulitoka jimbo jirani la Louisiana, kwa wazao wa Wafaransa ambao Waingereza waliwafukuza Kanada kuanzia mwaka 1755. Waafrika waliopelekwa huko utumwani nao waliacha alama yao. Mchuzi mashuhuri wa huko huitwa gumbo, na jina hilo latokana na neno la ndugu zetu Wabantu wa Angola lenye maana ya bamia.

Vita vya Vietnam vilipokwisha mwaka 1975, wakimbizi wengi walifika pwani ile, na baadhi yao wakawa wavuvi. Upishi walioukuta hawakuudharau. Waliuongezea siagi na vitunguu saumu vingi, wakafungua migahawa yao. Leo wenyeji wenyewe huifuata.

Ndugu zangu, sisi tunakosa nini? Matombo na Kinole hutoa karafuu, mdalasini na pilipili manga. Perege na kambale tunawajua. Ndizi, mahindi na bamia vimejaa sokoni. Lakini nimekula Msamvu samaki aliyeungwa kwa unga wa pakiti kutoka mbali, wakati mkulima wa mlimani anateremsha gunia lake na kupokea bei anayotajiwa na mnunuzi.

Chama chetu kinatafuta mradi. Napendekeza fedha za mfuko tuwakopeshe mama lishe walio jirani na shule: sufuria kubwa, meza, na maji safi ya kunawa. Wao wanunue viungo moja kwa moja kwa wakulima. Upishi tusiwafundishe, wanatushinda.

Najua wako watakaosema kwamba msomi hali chakula kando ya barabara. Msomi huyo alilelewa na uji wa akina mama hao hao. Nasi tukienda kula, tulipe taslimu. Daftari la madeni limeua biashara nyingi kuliko ukosefu wa wateja.

Ndugu Mwenyekiti, naomba hoja hii ipigiwe kura kabla ya chakula, maana tukishashiba tutasahau.