Handaki la Mlima Kenya

Leo tuna swali moja: wakati wa vita na vita vikiisha, nani huitwa kuchimba na kujenga, na hulipwa nini?

Vita vyetu hapa kando ya Mlima Kenya vilikuwa vya Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamishia watu zaidi ya milioni moja katika vijiji vyenye ulinzi. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, basi shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, ikawaangukia akina mama. Walichimba handaki la takriban kilomita 80 kando ya msitu wa Mlima Kenya, kina chake kama mita tatu, ndani yake mianzi iliyochongwa ncha. Shabaha ilikuwa kuwanyima chakula wapiganaji waliokuwa msituni. Yaani mama alichimba ili mwanawe afe njaa. Walijenga pia matuta na barabara. Ujira? Hata senti. Na si kwamba hazina ilikuwa tupu: Mpango wa Swynnerton wa mwaka huohuo wa 1954 ulitengewa pauni milioni 5 kuendeleza kilimo cha Waafrika. Huko Mwea nako, waliozuiliwa ndio walioanza kuchimba mifereji. Ukila wali wa pishori wa Mwea, wakumbuke.

Hali ya hatari ikaisha Januari 1960. Wengi waliokuwa kizuizini walirudi kijijini wakakuta mashamba yameshapimwa na kuandikishwa, wao hawana kitu.

Mwaka 1964 Kenya huru ilijaribu njia ya heshima zaidi ya kuwapa watu kazi. Serikali ilikubali kuongeza wafanyakazi wake kwa asilimia 15, waajiri binafsi asilimia 10, na vyama vya wafanyakazi vikaahidi kutogoma wala kudai nyongeza kwa mwaka mmoja. Waliojiandikisha kutafuta kazi walipita 200,000. Waliopata kazi walikuwa sehemu ndogo tu. Tangazo lenyewe liliwavuta wengine kutoka mashambani, foleni ikarefuka badala ya kupungua. Wachumi wanaufundisha mfano huo mpaka sasa. Hata hivyo, aliyeajiriwa alikwenda kwa hiari yake na mwisho wa mwezi akapokea mshahara.

Turudi kwenye handaki. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya wazee 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Fidia hiyo ilikuwa ya mateso, si ya kazi. Kama nyumbani kwenu yupo cucu, yaani nyanya, aliyelichimba handaki, mrekodi kwa simu wiki hii: alichimba wapi, na nani alimsimamia. Mshahara wake bado ni deni.