Ufunguo wa Daftari la Kompyuta
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu na wanachama, Muleba)



Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani daftari la mapokezi ya kahawa lilikaa kabatini, na mshika ufunguo alijulikana. Leo vyama vingi huandika kilo na malipo katika kompyuta, na mafaili hutunzwa katika seva. Je, ufunguo wake hushikwa na nani?

Katika chama kimoja nilichokagua, makarani watatu walitumia akaunti moja, na neno la siri lilibandikwa ukutani. Mwanachama alileta stakabadhi ya kilo 320. Kompyuta ikaonyesha 230. Huenda lilikuwa kosa la kidole tu. Lakini seva ilitaja akaunti ya wote, yaani haikumtaja mtu. Mkulima alilipwa haki yake kwa kuwa aliitunza karatasi. Makarani wote watatu wakabaki na doa.

Ndugu zangu, dawa ipo. Katika seva za Linux kila faili lina mwenyewe na kundi lake. Waliobaki huitwa wengine. Ruhusa ni tatu: kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2, kuendesha programu 1. Faili lenye 640 husomwa na kuandikwa na mwenyewe, kundi husoma tu, wengine hawalifikii. Lenye 777 ni ghala lisilo na komeo. Tena, mwenye ruhusa ya kuandika katika folda aweza kwa kawaida kufuta faili lililomo, hata asiporuhusiwa kuliandika. Basi folda nayo ilindwe.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne. Kila karani awe na akaunti yake na neno lake la siri. Bodi na mkaguzi wapewe kusoma tu. Anayeacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo, na mafaili yake yakabidhiwe mwingine kwa maandishi. Akaunti kuu ya seva isitumiwe kwa kazi za kila siku.

Tukumbuke pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: majina, simu na akaunti za benki za wanachama ni amana mikononi mwetu.

Nanyi wanachama, msizitupe stakabadhi zenu. Kufunga daftari si kumshuku karani. Ni kumkinga mwaminifu asibebeshwe kosa la mwingine.