Sheria haikuiua M-Pesa



Juma lililopita kijana mmoja, mtengenezaji wa programu za kompyuta, alinisimamisha nje ya studio. "Mzee," akaniambia, "hiyo sheria ya akili mnemba mnayoidai redioni itatumaliza sisi tunaoanza. Sisi tutabaki kujaza fomu, na wageni watatuuzia mitambo yao."

Sikumcheka, maana hofu yake ina msingi. Ila jibu langu liko mfukoni mwake mwenyewe: M-Pesa.

Huduma ile ilipoanza Machi 2007, Kenya haikuwa na sheria ya kutuma pesa kwa simu. Benki Kuu ingeweza kuipiga marufuku kwa woga, au kufumba macho. Badala yake iliiruhusu, kwa sharti kwamba fedha za wateja ziwekwe amana katika benki, kampuni isizitumie kwa mambo yake. Mwishoni mwa mwaka 2008, mabenki yalipong'aka, serikali iliamuru huduma ikaguliwe, nayo ikaonekana ni imara. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja mwaka 2011, mama mboga akiwa amekwisha kuizoea. Usimamizi ule haukuua ubunifu. Uliwapa watu imani, kwani nani angeweka akiba yake ndani ya simu isiyo na mlinzi?

Hata hivyo, kisa hiki kina upande wa pili. Kompyuta kuu za M-Pesa zilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2015, ndipo zikahamishiwa nchini. Jina na mtambo wenyewe vilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza mpaka mwaka 2020, Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini zilipovinunua. Miaka 13! Sheria ilimlinda mteja, lakini umiliki ulibidi ununuliwe.

Sasa tuje kwenye akili mnemba. Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni ndefu jijini Nairobi wapigwe picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin, wapate sarafu za kompyuta zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Mmoja wa waanzilishi wake ni Sam Altman, kiongozi wa kampuni iliyotengeneza ChatGPT. Mwezi Agosti mwaka huo serikali ilisimamisha shughuli hiyo. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu ilikiukwa, ikaagiza picha hizo zifutwe kwa siku 7. Bila sheria ile, tungelalamika kwa nani? Noti ikiibwa utatafuta nyingine. Jicho utalitoa wapi?

Basi nasema hivi. Kijana anayejaribu mtambo wa kutambua ugonjwa wa mahindi aachwe ajaribu, huku akiangaliwa. Lakini mtambo unaoamua nani apewe mkopo, kazi au kitanda cha hospitali, huo ukaguliwe kabla haujamgusa mtu, na aliyeonewa awe na mahali pa kukata rufaa. Tusinakili sheria ya Ulaya ya mwaka 2024 neno kwa neno. Faini yake inaweza kufika asilimia 7 ya mapato ya kampuni duniani kote, na Ulaya huogopwa kwa kuwa soko lake lina watu wapatao milioni 450. Nasi tutasikika zaidi Afrika Mashariki ikisema kwa sauti moja.

Na umiliki? Nimewahi kuupa mtambo mmoja wa kigeni mahojiano yangu na wavuvi wa Lamu uyaandike. Kiamu chao kiliushinda kabisa. Siku moja atakuja mtu kununua sauti hizo ili aufundishe. Je, tutaziuza kwa bei ya foleni, kisha turudi kununua mtambo uliofundishwa kwa sauti zetu wenyewe? Vyuo vyetu vikuu vipewe kompyuta na umeme wa uhakika, sauti zetu zihifadhiwe hapa, na anayezitaka aje tupatane masharti.

Kijana wangu, usiikimbie sheria. Idai sheria inayokupa nafasi ya kujaribu, kisha uidai na mashine. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Hadi juma lijalo, kwaheri.