Mchezo wa Kuigiza Wenye Wazee Ndani Yake



Leo tuzungumze juu ya mchezo wa kuigiza. Si ule wa kukaa kwenye viti, kupiga makofi, halafu kila mtu aende zake. Tunasema ule ambao watazamaji wenyewe wamo ndani: wanaulizwa, wanajibu, wanaimba, wanasahihisha.

Kwa nini tuulete vikundini? Kwa sababu liko jambo ambalo familia nyingi za Meru na Embu hazijalizungumza. Mkoloni alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia 1954, Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa. Ndugu mmoja aliingia msituni, mwingine akawa homugadi. Vita vilipokwisha, wote walirudi kulima mashamba yanayopakana. Leo wajukuu wao wako katika kikundi kimoja, wanachangiana pesa kwa zamu, na hawajui ni kwa nini nyanya hapiti karibu na boma lile.

Waliokuwa watoto vijijini mle sasa wamepita miaka sabini. Tukingoja, tutawazika pamoja na habari zao.

Haya, mfano tunao. Kamĩrĩĩthũ, huko Limuru, ni kijiji kilichoanza wakati huohuo wa Hali ya Hatari. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi walijijengea ukumbi usio na paa, wakacheza *Ngaahika Ndeenda*, mchezo ulioandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Unahusu mkulima Kĩgũũnda, mkewe Wangeci, na kipande chao cha shamba kinachotamaniwa na matajiri.

Mazoezi yalifanywa hadharani na kila mtu alitoa maoni. Aliyetengeneza bunduki za kuigizia ndiye aliyekuwa akiwatengenezea wapiganaji bunduki za kweli miaka ya 1950. Akina mama walijadiliana njia walizopitia kupeleka risasi msituni. Yaani kabla mchezo haujaanza, watu walikuwa wameshaanza kusema.

Serikali iliondoa leseni Novemba 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini karibu mwaka mmoja, na 1982 ukumbi ukabomolewa. Mchezo ulichezwa tena Nairobi mwaka 2022.

Mengine yamefanyika. Marufuku ya Mau Mau iliondolewa 2003. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa. Ni vizuri. Lakini hundi haimwelezi mtoto kwa nini babu yake huamka usiku akipiga kelele.

Sasa, kikundi kikitaka kujaribu, kifanye hivi:

1. Ulizeni wazee kwanza. Anayekataa kusema, mwacheni kwa heshima.

2. Msitaje familia ya kweli. Tungeni familia moja yenye ndugu wawili, mmoja msituni, mmoja homugadi. Chezeni kwa lugha ya nyumbani, iwe Kimeru, Kiembu au Kimbeere.

3. Simamisheni mchezo katikati. Ndugu amebisha hodi usiku, ana njaa, na askari wako karibu. Mama afanye nini? Mwenye jibu aingie uwanjani alionyeshe.

4. Msimpe mtu kuigiza mateso yaliyompata mwenyewe. Hata filimbi ikipigwa ghafla yaweza kumrudisha kule. Awepo mtu anayemwamini wa kukaa naye.

5. Mkimaliza, msitawanyike. Chemsheni chai, sikilizeni. Hapo si mahakama, na hatukuja kutafuta nani alikuwa msaliti.

Wengine watatuambia, "Mnafukua ya zamani." Sisi tunasema hayajazikwa, sivyo? Yanaonekana kwenye mipaka ya mashamba, kwenye posa zinazokataliwa bila sababu, na kwenye vikundi vinavyovunjika watu wasijue chanzo. Mjukuu wa mpiganaji na mjukuu wa homugadi wote ni wa hapa, hawana kwingine.

Kwa hiyo, kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kitafute wazee watatu walio tayari kusimulia. Tuanze na hao.