Hotuba kwa Vijana Wapandaji Miti wa Mlima Elgon



Si haki tuanze kwa mawaidha kabla ya kukiri kosa. Msimu wa mvua uliopita, askari wetu wa doria waliwakuta vijana kadhaa jioni wakipanda kuelekea hifadhini, mikononi mapanga, mabegani magunia. Tuliwadhania wakata magogo, tukawalaza kituoni. Asubuhi magunia yalipofunguliwa, mlikuwa na miche ya mringaringa na mwiria, na mingi ilikwisha kunyauka. Tuliwaomba radhi faraghani. Leo tunawaomba radhi mbele ya wazazi wao.

Mlima huu ni wa mataifa mawili. Upande wa Kenya ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na upande wa Uganda mwaka 1993. Mianzi yake hutupa malewa, chakula cha ndugu wa huku na wa kule. Gome la mwiria hutoa dawa ya tezi dume. Juu ya hayo, mizizi hushika udongo. Nani amesahau Machi 2010, mteremko wa Bududa ulipoporomoka na kufukia watu na nyumba zao? Vijana wanaong'oa lantana, mmea mgeni unaoyanyima machipukizi jua, na kurudisha miti ya asili, wanalinda maisha kama sisi tunavyoapa kuyalinda.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Kila kikundi kitampa mwenyekiti wa kijiji orodha ya majina, siku ya kazi na idadi ya mapanga. Nakala itafika kituoni kwetu na kwa wenzetu wa ng'ambo. Askari ataitazama orodha hiyo kabla ya kumshika mtu. Nanyi, msimfiche mkata magogo miongoni mwenu, msichukue miche msituni bila idhini ya wasimamizi wa hifadhi, na mwenye kuvuka mto apitie penye kituo cha mpakani.

Miche iliyonyauka mikononi mwetu ni deni letu. Tumenunua mingine, na Jumamosi askari wetu watakuja nayo pamoja na majembe. Waonyesheni pa kuchimba.