Mshipa umetuna, lakini wapi?

Mgonjwa wa Nachingwea au Ruangwa akipigwa ghafla na maumivu ya kichwa asiyowahi kuyapata, kuambiwa kwamba ateri ya ubongo imetuna hakutoshi. Imetuna wapi? CT scan, dawa ya kung'arisha mishipa ikishadungwa, ndiyo huonyesha. Vivimbe vingi hutokea upande wa mbele. Vya nyuma ni vichache, ila hatari ya kupasuka ni kubwa zaidi. Kivimbe kikibana neva inayosogeza jicho, kope huanguka na mboni hupanuka. Hilo daktari wa wilaya huliona kwa tochi tu, kabla ya safari ya Mtwara au hospitali ya MOI, Muhimbili. Basi aliandike kwenye barua ya rufaa, asiishie “kichwa kinauma”. Mahali kilipo kivimbe huchangia uamuzi: fuvu lifunguliwe kibanwe kwa klipu, au kizibwe kwa waya laini kupitia mshipa wa paja.